Nani Atalipia Hadithi ya Bibi?



Juma lililopita alinijia ofisini kijana mmoja wa kigango chetu, ambaye wengi wenu mnamfahamu kwa kuwa ndiye apigaye picha za video katika harusi zenu. Hakuja kuandikisha ndoa wala kuomba nia ya Misa. Alikuja na fomu ndefu ya kuombea ruzuku ya filamu kutoka Ulaya, akiomba nimwandikie barua ya utambulisho. Anataka kutengeneza filamu ya hali halisi juu ya bibi mmoja mwenye umri mkubwa, aliyelazimika kukihama kijiji alichoolewa kwa sababu ya kutuhumiwa uchawi.

“Baba Paroko,” aliniambia, “hapa wanauliza filamu hii itabadilisha maisha ya watu wangapi. Niandike wangapi?”

Sikuwa na jibu. Akafunua ukurasa mwingine. “Na hapa wanauliza jamii yangu mwenyewe imechangia kiasi gani. Hapa nimeacha wazi.”

Barua nilimwandikia siku ile ile. Lakini nafasi ile iliyoachwa wazi imenisumbua juma zima, na ndiyo sababu ya tafakari hii.

Kwanza tuelewane juu ya ruzuku yenyewe. Ruzuku ni tofauti na mkopo: anayeipewa harudishi fedha, ila anawajibika kuitimiza kazi aliyoiahidi na kutoa hesabu ya matumizi. Filamu za mapenzi na vichekesho huweza kujilipa sokoni. Filamu juu ya bibi aliyefukuzwa kwake, juu ya mto uliochafuliwa au mtoto aliyeachishwa shule ni vigumu kumpata mfanyabiashara wa kuigharamia, kwa kuwa faida yake haihesabiki kwa shilingi. Huchukua miaka kuikamilisha, na muda huo wote mtengenezaji anakula, analipa nauli, ananunua vifaa. Bila mfadhili, kazi nyingi za namna hiyo zingebaki katika mawazo ya waliozibuni.

Tena matunda ya ruzuku hizo yapo na yanaonekana. Mwaka 2019 Maia Lekow na Christopher King walitoa filamu iitwayo The Letter, iliyopigwa pwani ya Kenya katika lugha za Kiswahili na Kigiriama. Kijana aishiye Mombasa anapata habari kwamba bibi yake anatuhumiwa uchawi, anarudi kijijini kutafuta ukweli, na polepole tunaona kwamba tuhuma zimetoka ndani ya ukoo wenyewe, na nyuma yake upo ugomvi wa ardhi. Filamu hiyo haimpigii mtu kelele. Inamwonyesha bibi akilima na akiomba, mpaka mtazamaji anaona haya kwa yale ambayo pengine aliwahi kuyasema juu ya bibi wa jirani yake. Kenya iliichagua kuiwakilisha katika tuzo za Oscar. Mwaka 2020 ikafuata Softie ya Sam Soko, juu ya mwanaharakati Boniface Mwangi aliyegombea ubunge wa Starehe mwaka 2017, na juu ya gharama ambayo familia yake ililipa. Filamu zote mbili zilipitia mikono ya Docubox, mfuko wa filamu za hali halisi ulioanzishwa Nairobi na mwongozaji Judy Kibinge mwanzoni mwa miaka ya 2010. Ni jambo la kujivunia kwamba mlango huo umefunguliwa hapa hapa Afrika Mashariki, ingawa fedha zinazopita humo zimetoka kwa sehemu kubwa ng’ambo.

Basi tusiwe watu wa kula na kumtukana mpishi. Waliotoa wametoa, nasi tumefaidika. Hata hivyo shukrani haituzuii kufikiri, na mimi ninaona mambo mawili ya kufikiriwa.

Jambo la kwanza ni sauti ya mtoaji. Nitawapeni mfano kutoka Senegal. Ousmane Sembène, aliyepata kuwa mpakua mizigo bandarini Marseille kabla ya kuwa mwandishi na mwongozaji wa filamu, aliandika filamu juu ya binti wa Kisenegali anayechukuliwa kwenda Ufaransa kufanya kazi za ndani na kuishia kujiua kwa uchungu. Ufaransa wakati huo ilikuwa na ofisi maalumu ya kusaidia filamu za Kiafrika, chini ya Wizara yake ya Ushirikiano. Ofisi hiyo iliukataa mswada wake. Sembène akaitengeneza filamu kwa njia nyingine, ikatoka mwaka 1966 kwa jina La Noire de..., ikapata tuzo, na ndipo ofisi ile ile ikanunua haki za kuionyesha. Miaka miwili baadaye, katika filamu yake Mandabi, alipokea fedha za Kituo cha Taifa cha Filamu cha Ufaransa. Alitaka watu wake waongee Kiwolofu, lugha yao, naye akafanya hivyo. Lakini ilimpasa kutengeneza pia toleo la Kifaransa, wachezaji wale wale wakirudia maneno kwa lugha ya aliyelipa.

Na jambo la kushangaza ni kwamba Mandabi yenyewe inasimulia habari za fedha zilizotoka mbali. Mzee mmoja wa Dakar anapokea hawala ya posta kutoka kwa mpwa wake aliyeko Paris. Sehemu kubwa ya fedha hizo si yake, ametumiwa amtunzie mpwa. Lakini kabla hajaishika hata senti moja, majirani wamekwisha kuja kukopa, duka limekwisha kumwandikia deni, na posta haimlipi kwa kuwa hana kitambulisho. Mwishoni anaibiwa na ndugu yake mwenye suti na elimu. Fedha ilitumwa kwa nia njema kabisa, ikamkuta mzee hana mahali pa kusimama, ikamwangusha.

Wapendwa, silaumu kwa kusema haya. Hakuna mfadhili anayetoa bila kuwa na lake moyoni, awe wa Paris, wa Amsterdam au wa hapa kwetu. Mtoaji wa mbali ana watazamaji wake, ana bodi yake, ana mada aliyoipangia mwaka. Mwaka huu ni hali ya hewa, mwaka ujao ni uhamiaji. Kijana wangu anapojaza fomu hulazimika kujiuliza mtu asiyeijua nchi yetu angependa kuona nini, na polepole bibi wa kweli, anayecheka, anayegomba na kuku wake, anayekumbuka nyimbo za ujana wake, anageuka kuwa “mhanga”. Hakuna aliyemwamuru afanye hivyo. Amejiamuru mwenyewe, kwa kuwa ndiyo lugha ambayo anadhani itamletea fedha. Na filamu ikikamilika, mara nyingi watu wa Ulaya na Marekani huiona kwanza: The Letter ilianzia Amsterdam, Softie ilianzia tamasha la Sundance kule Utah. Wenye hadithi huiona baadaye.

Jambo la pili ni kukauka kwa kisima. Mwaka 2011 Mfuko wa Ford huko Marekani ulitenga dola milioni 50 kwa miaka 5 kwa ajili ya filamu za haki ya jamii, nasi sote tuliona ni neema isiyo na mwisho. Lakini kampuni ya Participant, iliyoundwa mwaka 2004 na tajiri Jeff Skoll kwa lengo hilo hilo la kutengeneza filamu zenye kujali jamii, ilifungwa mwaka 2024. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Julai 2025, shirika la USAID lilikoma kuendesha misaada ya nje ya Marekani, na zahanati nyingi za Afrika zilipata uchungu kabla filamu hazijatajwa. Uamuzi unakatwa katika nchi ambako hatupigi kura, na kesho yake mlango umefungwa. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Hawakusema nduguye ni mbaya. Walisema tu kwamba nduguye naye ana siku zake.

Kanisa halikulinyamazia suala hili. Papa Pius XI aliandika waraka mzima juu ya filamu mwaka 1936. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Inter Mirifica ya tarehe 4 Desemba 1963, uliwataka waamini wazisaidie filamu njema kwa vitendo: kwa kuziunga mkono, kwa kuzitunuku, kwa kushirikiana na watengenezaji wenye nia safi, hata kwa kuwa na kumbi za kuonyeshea. Na tarehe 15 Novemba 2025 Papa Leo XIV alikutana na watu wa filamu huko Vatikano, akawahimiza wasiogope kuyatazama majeraha ya dunia, na akasikitika kwamba kumbi za sinema zinatoweka mitaani. Sisi tumezisikia hati hizo zikisomwa katika semina, tukapiga makofi, tukaenda kula chakula cha mchana.

Mtaniambia, “Padre, sisi ni maskini, fedha za filamu tutazitoa wapi?” Nami nitawajibu kwa upole, kwa kuwa nimekaa katika vikao vyenu vingi vya harusi. Nimeona kadi za michango zikigawiwa miezi minne kabla. Nimeona kamati ikibishana saa nzima juu ya keki. Na nimeona kamera tatu ukumbini, moja ikiruka angani kama mwewe, zikirekodi jinsi wageni wanavyokula. Mpigapicha huyo mnamlipa, naye ni huyu huyu kijana niliyemtaja. Kwa hiyo kamera tunazo, ufundi tunao, na fedha, ingawa si nyingi, zipo. Tumekwisha kuamua tu ni kitu gani kinastahili kurekodiwa. Sherehe ya siku moja inastahili. Bibi aliyeishi miaka themanini na kufukuzwa kwa sababu macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni, huyo tumemwachia Mzungu amlipie.

Sisemi tuache kuoana kwa shangwe. Nauliza tu, je, kamera moja kati ya zile tatu haiwezi kumtembelea bibi?

Yapo pia mashaka yanayonihusu mimi mwenyewe, na sipendi kuyaficha. Parokia ikilipa, je, paroko hatataka filamu iishe na paroko akimwokoa bibi? Je, Halmashauri ya Walei haitataka kikundi chake kionekane kikigawa sukari? Yawezekana kabisa, na filamu ya namna hiyo haitamfaa mtu. Ikiwa bibi alituhumiwa na watu wanaosali pamoja nasi, filamu ya kweli itatuonyesha na sisi tukiwa tumenyamaza. Kwa hiyo mtoaji wa karibu hana budi kujifunza nidhamu ile ile anayoidai kwa mtoaji wa mbali: kutoa, kudai hesabu ya fedha mpaka shilingi ya mwisho, na kuiacha kalamu mkononi mwa mwandishi. Aliyetoa kisha akaandika mwisho wa hadithi ametengeneza tangazo, na matangazo tunayo ya kutosha.

Kutokana na hayo napendekeza mambo matatu madogo, ambayo Halmashauri ya Walei inaweza kuyajadili katika kikao kijacho.

Mosi, kila kamati ya harusi au jubilei ifikirie kutenga sehemu ndogo ya michango kwa mfuko wa hadithi za parokia, kila mmoja kwa hiari yake. Haba na haba hujaza kibaba.

Pili, ukumbi wetu, ambao jioni nyingi hukaa mtupu, ufunguliwe mara moja kwa mwezi, litundikwe shuka jeupe, watu watazame filamu zilizotengenezwa na wenzetu wa Afrika Mashariki, kisha wazungumze. Mtengenezaji wa filamu anahitaji fedha, lakini anahitaji pia macho ya watu wake. Tuzo ya Amsterdam haiwezi kumpa kicheko cha shangazi yake.

Tatu, tusiwakataze vijana kuomba ruzuku za nje. Waombe, tena tuwasaidie kuandika maandiko yao vizuri. Lakini waende wakiwa na kitu mkononi. Mwenye shamba lake akiomba mbegu, huchagua mbegu. Asiye na shamba hupokea lolote.

Jumapili jioni nilimwita tena yule kijana. Nilimpa kiasi kutoka mfukoni mwangu, ambacho sitakitaja kwa kuwa hakimtoshi hata kwa betri za kamera. Mama mmoja wa WAWATA aliyekuwa anafunga sakristia alisikia mazungumzo yetu. Hakusema neno, alifungua kitambaa chake, akatoa noti moja, akasema, “Huyo bibi ni somo yangu. Nauli ya kwenda kwake niandikieni mimi.”

Kijana alichukua kalamu, akaandika katika ile nafasi. Tarakimu zenyewe ni chache na zinatia aibu kidogo. Lakini nafasi haiko wazi tena, na atakayeifungua fomu ile huko ng’ambo atajua kwamba bibi huyu ana watu wake.

Nawatakieni juma jema lenye baraka.

Wenu katika Kristo,
Paroko