Magari safi California: Nani amelipa, nani amefaidika?

OKTOBA 2007, Gavana wa jimbo la California nchini Marekani wakati huo, Arnold Schwarzenegger, alisaini sheria iliyotokana na muswada wa Spika wa Bunge la jimbo hilo, Fabian Núñez. Sheria hiyo, inayojulikana zaidi kwa namba ya muswada wake, AB 118, ilianzisha mfuko wa kugharamia nishati mbadala na teknolojia ya magari yasiyochafua hewa. Fedha zake hazikutoka kwa kampuni za mafuta wala kwa matajiri. Zilitoka kwa kila mwenye gari, kwa njia ya nyongeza ya dola chache katika ada ya usajili, ada ya kudhibiti moshi na ada ya usajili wa boti.

Kiasi kilichokuwa kikipatikana, takriban dola milioni 100 kwa mwaka, kilikabidhiwa Tume ya Nishati ya California ili kigawiwe kama ruzuku kwa watengenezaji wa magari, wajenzi wa vituo vya kuchajia, wazalishaji wa ethanoli na dizeli ya mimea, na wafanyabiashara wa gesi asilia na hidrojeni. Sehemu nyingine ndogo ilikwenda kwa Bodi ya Rasilimali za Hewa, chombo kinachosimamia ubora wa hewa katika jimbo hilo.

Sababu ya kuanzishwa kwa mfuko huo ilikuwa wazi. Mwaka mmoja kabla, California ilikuwa imejifunga kisheria kurudisha uchafuzi wa hewa ukaa katika kiwango cha mwaka 1990 ifikapo 2020, ilhali takriban asilimia 40 ya uchafuzi huo ilitokana na usafiri. Lengo lilifikiwa mapema, mwaka 2016, lakini si kwa sababu ya magari. Ni mitambo ya kufua umeme iliyopunguza moshi. Barabarani hali haikubadilika kwa kasi iliyotarajiwa, na hapo ndipo maswali kuhusu mfuko huu yanapoanzia.

Swali la kwanza ni la haki. Machi 2010, Bodi ya Rasilimali za Hewa ilianza kurejesha fedha kwa wanunuzi wa magari mapya ya umeme, hadi dola 5,000 kwa gari, kiwango ambacho mwaka uliofuata kilishushwa hadi dola 2,500. Kwa miaka sita ya mwanzo hapakuwa na ukomo wa kipato. Mtu aliyenunua gari la kifahari la umeme alirejeshewa fedha sawasawa na aliyenunua gari dogo kwa mkopo, wakati mwenye gari kuukuu la petroli, ambaye hakuwa na ndoto ya kununua jipya, aliendelea kulipa ada iliyochangia mfuko huo. Ni vigumu kuuita mpango huo wa haki, hata kwa mtu anayeafiki lengo lake.

Hali ilikuwa hiyo hiyo katika nafuu ya kodi iliyotolewa na Serikali ya Shirikisho. Wachumi Severin Borenstein na Lucas Davis wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichunguza takwimu za kodi na kubaini kuwa asilimia 20 ya wananchi wenye kipato kikubwa zaidi walichukua karibu asilimia 90 ya nafuu iliyotolewa kwa wanunuzi wa magari ya umeme.

Mwaka 2014 Bunge la California lilipitisha sheria iliyoitaka Bodi kuwafikiria wenye kipato cha chini, na Machi 2016 ukomo ukawekwa. Hata hivyo, ukomo huo wa kwanza ulikuwa dola 250,000 kwa mwaka kwa mtu asiye na mwenza, kipato ambacho wakazi wengi wa jimbo hilo hawakikaribii. Baadaye ulishushwa. Mpango tofauti, uliompa mwenye kipato kidogo hadi dola 9,500 akisalimisha gari lake kuukuu na kununua safi zaidi, ulianzia katika Bonde la San Joaquin na ukanda wa Los Angeles, maeneo yenye hewa mbaya kuliko mengi nchini humo. Huo ndio uliolenga penyewe, kwa kuwa gari moja kuukuu huweza kutoa moshi wa magari mengi mapya. Lakini haukuwahi kupata fedha za kutosha.

Mpango wa marejesho ulifungwa Novemba 2023, baada ya kuwa umelipia zaidi ya magari nusu milioni kwa gharama iliyozidi dola bilioni 1. Je, magari hayo yasingenunuliwa bila marejesho? Baadhi yangenunuliwa tu. Ukweli huo watetezi wa mpango hawapendi kuuzungumzia.

Swali la pili ni la busara ya Serikali katika kuchagua teknolojia. Mfano unaouma zaidi ni hidrojeni. Tangu 2004 Schwarzenegger alikuwa ameahidi barabara kuu zenye vituo vya hidrojeni, na mwaka 2013 Bunge, likiongeza uhai wa mfuko hadi mwanzoni mwa 2024, liliagiza hadi dola milioni 20 kila mwaka zitengwe kwa ajili ya vituo hivyo mpaka vifike 100. Havikufika. Toyota ilianza kuuza gari lake la Mirai jimboni humo mwaka 2015, lakini magari yote ya hidrojeni yaliyouzwa Marekani hayajafika hata 20,000.

Juni 2019 mlipuko katika kituo cha kusambazia hidrojeni mjini Santa Clara ulikatisha ugavi kaskazini mwa jimbo kwa muda mrefu. Bei nayo ikapaa. Kilo moja iliyokuwa ikiuzwa kwa dola kati ya 13 na 16 ilifikia dola 36 katika vituo vingi, na kwa kuwa tangi la Mirai hubeba zaidi ya kilo tano, kulijaza kukagharimu karibu dola 200. Kampuni ya Shell, iliyokuwa imetengewa ruzuku ya zaidi ya dola milioni 40 kujenga vituo vipya, ilijitoa mwaka 2023, na Februari 2024 ikafunga vituo vyake saba vya magari madogo. Wenye magari wakabaki na vyombo visivyouzika. Baadhi yao walikwenda mahakamani mwaka huo huo kuishitaki Toyota.

Pamoja na hayo, sheria mpya iliyosainiwa na Gavana Gavin Newsom Oktoba 2023 ilirefusha mfuko hadi 2035 na bado ikaihakikishia hidrojeni fungu lake. Wapo wanaosema fungu hilo sasa ni la malori makubwa, ambayo betri huyaelemea kwa uzito. Hoja hiyo ina mantiki, lakini mantiki ya aina hiyo ilitolewa pia kwa magari madogo.

Si haki kusema fedha zote zilipotea. Mwaka 2012 Tume ya Nishati iliipa Tesla ruzuku ya dola milioni 10 kwa ajili ya kutengeneza Model X katika kiwanda cha Fremont, na kiwanda hicho kikaja kuajiri maelfu ya watu, ingawa Desemba 2021 kampuni ilihamishia makao yake makuu Texas. Vituo vya kuchajia, vya umma na vya matumizi ya pamoja, vilifikia zaidi ya 178,000 mapema 2025, wakati mipira ya pampu za petroli jimboni humo ni takriban 120,000. Mwaka 2023 na 2024 takriban robo ya magari mapya yaliyouzwa yalikuwa ya umeme au yenye uwezo wa kuchajiwa.

Lakini kinachofundisha zaidi ni dizeli, ambayo haizungumzwi sana. Katika California, dizeli itokanayo na mafuta ya mimea na mabaki ya mafuta ya wanyama ilivuka nusu ya dizeli yote iliyotumika mwaka 2023. Ruzuku za Tume si chanzo kikuu cha mabadiliko hayo. Yalitokana zaidi na kanuni iliyoanza kutekelezwa 2011, inayomlazimisha muuza mafuta kupunguza kiwango cha ukaa katika bidhaa yake au kununua hati kutoka kwa aliyepunguza. Serikali haikuchagua mshindi. Iliweka sharti na soko likatafuta njia. Gharama, hata hivyo, humfikia mnunuzi kwenye pampu, na huko pia mwenye gari kuukuu hana pa kukwepea.

Wapiga kura nao wameonyesha mipaka ya subira yao. Novemba 2022 walikataa, kwa takriban asilimia 58, pendekezo la kuwaongezea kodi wenye kipato cha zaidi ya dola milioni 2 ili kugharamia magari safi na kukabiliana na moto wa misitu. Newsom mwenyewe alilipinga, akisema linainufaisha kampuni ya teksi ya Lyft, iliyokuwa mfadhili mkuu wa kampeni hiyo na iliyotakiwa na kanuni za jimbo kuhamia kwenye umeme.

Kisha Washington ikageuka. Juni 12, 2025, Rais Donald Trump alisaini maazimio ya Bunge la Marekani yaliyoiondolea California kibali cha kutekeleza kanuni iliyotaka magari yote mapya ya abiria yasiwe na moshi ifikapo 2035. California na majimbo mengine 10 wakafungua kesi siku hiyo hiyo. Septemba 30, 2025, nafuu ya kodi ya dola 7,500 kwa mnunuzi wa gari jipya la umeme ikafikia kikomo.

Newsom, ambaye Novemba 2024 aliahidi kurejesha marejesho ya jimbo iwapo Shirikisho lingeondoa nafuu hiyo, alikiri Septemba 2025 kuwa California haina uwezo wa kuziba pengo hilo. Januari 2026, bajeti yake ilipendekeza dola milioni 200 kwa ajili ya motisha mpya. Hesabu yake si ngumu: kwa kiwango cha dola 7,500, fedha hizo zinatosha magari yasiyofika 27,000, katika jimbo lililouza zaidi ya 400,000 ya aina hiyo kwa mwaka 2024. Ni kiasi kinachoweza kuwa na maana iwapo tu kitaelekezwa kwa yule ambaye, bila msaada, hatanunua kabisa. Kikigawiwa kwa anayewahi foleni, kama ilivyokuwa mwaka 2010, kitakwisha kabla mkazi wa Fresno mwenye gari la miaka 20 hajajua kwamba kilikuwapo.