Pikipiki mbovu: karatasi na shasi kwanza, moteri baadaye

Wakati AVEC na MUSO zinapogawa akiba Beni, Butembo na Oicha, swali moja linarudi katika nyumba nyingi: pesa hii ifanye kazi gani? Kwa familia zilizokimbia vita, zile ambazo mashamba yao yamebaki Irumu, Mambasa, Rutshuru ao kusini mwa Lubero, jibu linalokuja haraka ni pikipiki. Kijana wa nyumba atabeba watu, na kila jioni ataleta kitu cha kuweka kwenye chungu.

Lakini pikipiki mpya haiguswi kwa akiba hiyo, na ile iliyotumika ambayo ingali nzima nayo iko juu. Inabaki ile iliyoegeshwa nyuma ya garaji, bila vioo, kiti kimepasuka, matairi yamelala. Mwenye kuiuza anasema: "Inaomba kitu kidogo tu." Maneno hayo yamekwisha kula akiba ya watu wengi.

Kununua pikipiki mbovu ili kuitengeneza si ujinga. Kwa mtu mwenye pesa kidogo, inaweza kuwa njia pekee ya kuanza. Kosa liko katika namna ya kuichunguza. Mara nyingi kila kitu kinaanza na moteri: muuzaji anapiga kiki, moteri inalia, vijana wanacheka, pesa inahesabiwa. Karatasi zinaulizwa mwishoni, na shasi haiangaliwi kabisa. Ingefaa kugeuza mpango huo: karatasi kwanza, shasi ya pili, moteri ya mwisho. Na kabla ya franka moja kutoka mfukoni, hesabu ya matengenezo yote iwe imeandikwa.

Wenye kuzoea kununua vyombo vibovu katika nchi nyingine wamefika kwenye fundisho hilohilo. Huko Uingereza kuna watu wanaopenda magari madogo ya zamani ya mbio, yale ya viti viwili yenye paa la kukunja. Moja linalojulikana sana ni MGB, lililotengenezwa katika mji wa Abingdon kuanzia 1962 mpaka 1980. Mengi yanauzwa yakiwa mabovu, mtu anunue na kutengeneza mwenyewe. Gari hilo halina shasi ya peke yake: mwili wake wa bati ndio unaobeba kila kitu. Na barabara za Uingereza humwagiwa chumvi wakati wa baridi kali, kwa hiyo kutu inakula chuma kutoka chini, mahali ambapo macho hayafiki.

Kwa hiyo mnunuzi mwenye akili huko haanzi na moteri. Anachukua sumaku ndogo na kuipitisha chini ya milango na pembeni ya magurudumu. Sumaku isiposhika, anajua kwamba pale chuma kimekwisha, na chini ya rangi nzuri kuna mastiki tu. Moteri ya MGB inaweza kufunguliwa na kufungwa tena, vipuri vinapatikana. Mwili uliooza ndio unaofilisi mtu, mpaka tangu 1988 kampuni ya British Motor Heritage inatengeneza miili mipya mizima ya gari hilo kwa wale ambao mwili wa zamani umewashinda.

Tofauti ni moja, na ni kubwa. Kwa watu wengi wa huko, gari hilo ni mchezo wa mwisho wa juma. Akikosea, anapoteza pesa na furaha. Hapa Beni ao Butembo, familia ikikosea inapoteza minerval ya watoto, dawa ya mama mzee na nyumba ya kupanga. Kama mtu anayecheza anachunguza namna hiyo, mtu anayetafuta chakula anapaswa kuchunguza zaidi yake.

Tuanze na karatasi. Pikipiki nyingi za upande huu, Boxer na TVS za kutoka Uhindi, zinapita Uganda na kuingia kwa mpaka wa Kasindi. Iliyoingia vizuri ina karatasi ya forodha ya DGDA, halafu karti roze na plaki. Namba iliyoandikwa katika karatasi lazima ilingane na namba iliyopigwa kwenye shasi, pale mbele karibu na shingo ya usukani, na ile iliyopigwa kwenye moteri. Namba hizo zisomwe mchana, baada ya kusafisha mafuta na vumbi kwa kitambaa. Kama pale pamepigwa tupa, ao pamechomelewa upya, ao herufi hazisimami katika mstari mmoja, mnunuzi aage kwa heshima na kurudi nyumbani. Bei ya chini haiponyeshi ugonjwa huo.

Vita vimetawanya vitu vya watu. Pikipiki zimeporwa njiani, zimevuliwa katika vijiji, zimeuzwa mbali na mahali zilipotoka. Mwenye kununua kitu cha wizi anaweza kukipoteza siku mwenyewe akikitambua barabarani, na sheria ya Congo inamwadhibu anayepokea kitu akijua kwamba kiliibwa. Mhami wa vita, ambaye mara nyingi hana ndugu wala mtetezi katika mji aliofikia, ndiye atakayepata shida zaidi kujieleza mbele ya polisi.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwa huruma pia. Si kila anayeuza bila karatasi ni mwizi. Kuna baba aliyekimbia usiku na pikipiki yake, karatasi zikaungua pamoja na nyumba. Leo anaiuza ili alishe watoto. Mtu kama huyo asifukuzwe, lakini asiaminiwe kwa mdomo tu. Anaweza kuomba hati ya kupotelewa kwa serikali ya mahali, na kuleta watu wa kijiji chake wanaoijua pikipiki hiyo. Mkataba uandikwe, namba za shasi na za moteri ziwemo, namba ya kadi ya mchaguzi ya kila mmoja iwemo, na mashahidi watie sahihi. Hilo linachukua siku kadhaa. Muuzaji wa kweli atakubali kungoja, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda yeye pia.

Baada ya karatasi ni shasi. Pikipiki ya motari wetu inabeba watu watatu, magunia ya makala, mikungu ya ndizi, na inapita katika mashimo ya barabara ambayo kila mtu anayajua. Chuma kinachoka. Mnunuzi apige magoti na kuangalia chini: pale bomba zinapoungana, chini ya kiti, na mahali amotisa za nyuma zinapofungwa. Alama ya kuchomelea iliyopakwa rangi mpya, wakati sehemu nyingine zote zimechakaa, ni swali linalotaka jibu. Rangi mpya katika sehemu moja tu haikupakwa kwa ajili ya uzuri.

Kisha kuna jaribio la kamba, ambalo halilipiwi. Usukani unanyooshwa, kamba inavutwa kwa usawa kutoka tairi ya nyuma mpaka ya mbele, upande mmoja halafu mwingine. Nafasi ya mbele ikiwa tofauti sana kati ya pande hizo mbili, pikipiki imepinda, pengine ilianguka vibaya. Baada ya hapo usukani unageuzwa polepole huku tairi ya mbele imeinuliwa: ukikwama katikati kama unaingia katika kishimo, biya za shingo zimekwisha. Tairi ya nyuma inashikwa na kutikiswa kulia na kushoto: ikicheza, kuna kazi pale. Amotisa za mbele zinakandamizwa kwa nguvu: zikiacha mafuta kwenye bomba, ziandikwe katika hesabu. Hayo ya mwisho yanatengenezeka. Shasi iliyopinda ao iliyopasuka ni jambo lingine, kwa sababu inaweza kukatika siku kuna mama na mtoto mgongoni.

Sasa moteri. Kanuni ya kwanza ni kuikuta ya baridi. Mnunuzi anapofika na kukuta moteri ina joto, huenda muuzaji ameiwasha mapema ili kuficha shida ya kuamka asubuhi. Angoje ipoe, ao arudi kesho bila kutangaza saa. Kiki inapokanyagwa, mguu usikie kitu kinakataa. Ikishuka laini kama kukanyaga udongo wa mto, pistoni na segmenti ao vali zimechoka. Moshi nao unaongea: wa bluu usioisha unaonyesha kwamba oili inaungua ndani, mweusi unaonyesha kwamba petroli ni nyingi kupita kiasi. Oili ikitolewa, ipakwe kidoleni: ikionyesha vumbi la chuma linalong'aa, moteri inajila yenyewe, ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Halafu vitesi zote ziingizwe, ambreyaji ijaribiwe kwenye mlima, na taa ziwashwe.

Majibu mabaya ya moteri hayafukuzi mnunuzi. Yanamwambia bei. Hapo ndipo hesabu inapokuja, na hapo ndipo watu wengi wanapochoka mapema. Tuchukue mfano wa kufundishia tu. Pikipiki mbovu inauzwa dola 300. Pistoni na segmenti, cheni na meno yake, matairi mawili, betri na ambreyaji zinafika dola 190. Fundi anaomba 50. Kusafisha karatasi kunaomba 60. Jumla ni 600. Kama jirani anauza nyingine inayotembea, yenye karatasi safi, kwa dola 620, yule wa 300 hakuuza kwa bei nafuu. Ameuza dola 20 za faida pamoja na majuma ya kungoja, na katika majuma hayo kijana hafanyi kazi na watoto wanakula deni. Tena, pikipiki ikifunguliwa, karibu kila mara kuna kitu ambacho hakikuonekana. Familia isiyoacha akiba pembeni kwa ajili ya hicho kitu itaacha pikipiki ikiwa mapande katika garaji.

Kuna watu watakaosema kwamba maneno haya ni ya wenye pesa. Watasema: mhami hana nafasi ya kuchagua, anachukua kinachofikiwa na mkono wake, na akichelewa mwingine atachukua. Ni kweli kwamba soko halingoji. Lakini sumaku, kamba, kitambaa na macho mawili havitaki utajiri. Kinachogharimu kidogo ni fundi wa kuandamana na mnunuzi, na fundi huyo alipwe na mnunuzi, asiwe rafiki wa muuzaji wala mwenye garaji ambamo pikipiki imelala. Fundi anayetumainia kupewa kazi ya kuitengeneza hawezi kusema kwa urahisi: "Hii muiache."

Hapo ndipo AVEC, MUSO na kamati za wahami zinaweza kufanya jambo. Kila kundi linajua vijana wake wanaotafuta pikipiki. Kundi linaweza kuchagua fundi mmoja anayeaminiwa, kumlipa kwa kila uchunguzi, na kukataa kutoa mkopo wa pikipiki mbovu kabla ya kuona mambo matatu: nakala ya karatasi, jibu la fundi juu ya shasi, na hesabu iliyoandikwa. Mkopo wa namna hiyo utachelewa siku mbili ao tatu. Mkopo usio na hayo unaweza kulipwa mwaka mzima kwa ajili ya kitu kisichotembea, na deni hilo linabebwa na wanamemba wote.

Na pale majibu yanapokuwa mabaya, kuna njia nyingine. Kijana anaweza kuendesha pikipiki ya mtu na kumpa pesa yake ya kila siku, huku akiba inabaki katika kisanduku cha kundi mpaka mzunguko unaofuata. Njia hiyo haina sifa, hakuna anayepiga picha juu yake. Lakini mtu aliyekwisha kupoteza nyumba, shamba na mbuzi kwa sababu ya vita hapaswi kupoteza kilichobaki kwa sababu ya haraka. Haraka haraka haina baraka, wazee walisema, na hawakuwa wameona bado pikipiki iliyopakwa rangi juu ya ufa.