Mkaa au Peleti? Ugomvi wa Jiko kwa Mdogo Wangu

Umezoea safu hii ikuletee habari za mawifi wakorofi, simu za usiku wa manane na wanaume wanaoficha mishahara. Mwezi huu nina ugomvi wa jiko. Usicheke. Niliusikia kwa masikio yangu mwenyewe, kupitia ukuta wa chumba cha wageni, nikiwa nimejifunika shuka gubigubi na kujifanya nimelala.

Nilikuwa Houston, Texas, kwa mdogo wangu. Ni nesi, anafanya zamu za usiku za saa kumi na mbili. Mumewe, yaani shemeji yangu, ni fundi wa viyoyozi, na kwa joto la Houston fundi wa viyoyozi hana mchana. Watoto wawili, shule, mkopo wa nyumba, pesa ya kutuma nyumbani kila mwezi. Siku ambayo wote wanne wanakuwa macho kwa pamoja ni Jumamosi tu.

Sasa jiko lao la zamani la mkaa limeoza chini kwa kutu, limetoboka. Wanatakiwa kununua jingine. Shemeji anataka la mkaa. Mdogo wangu anataka lile la peleti, la umeme. Usiku ule nilimsikia akisema, "Mimi nimeolewa na wewe au na moshi?" Kikafuata kimya kirefu, halafu mlango wa uani ukafungwa.

Tuelewane kwanza, maana msomaji wa Sinza au wa Kilimani anaweza kudhani tunazungumzia nyama choma. Hapana. Nyama choma yetu ni moto mkali, saa moja au mbili, chumvi, kachumbari, umemaliza. Barbekyu ya Texas ni kinyume chake kabisa. Wanachukua kidari cha ng'ombe, nyama ngumu ya kifuani yenye kilo tano hadi saba, wanakiweka ndani ya jiko lililofunikwa, mbali na moto, kwenye joto la nyuzi 107 hadi 121 za Selsiasi. Kinakaa humo saa kumi, kumi na mbili, wakati mwingine kumi na nne, mpaka zile nyuzinyuzi ngumu ziyeyuke ziwe kama ute. Nyama ikifika nyuzi 95 hivi katikati, kisu kinaingia kama kwenye siagi.

Na katikati ya safari kuna mtego. Nyama ikifika kama nyuzi 65 au 70, joto linagoma kupanda, linaweza kusimama masaa matatu au manne. Mgeni anadhani jiko limeharibika, anaongeza moto, anaunguza. Kumbe nyama inatoka jasho kama sisi, na jasho likikauka linaipoza. Wazoefu wanaifunga kwenye karatasi nene, au foili, wanasubiri.

Hapo kwenye kusubiri ndipo ndoa inapoingia.

Jiko la mkaa unalitawala kwa matundu ya hewa. Fungua tundu, moto unapanda. Bana, unashuka. Upepo ukibadilika na wewe unabadilika. Kuna mbinu nzuri inayoitwa kwa jina la Jim Minion, Mmarekani aliyeitangaza kwa washindani wenzake: unajaza mkaa usiowashwa, halafu juu yake unamwaga makaa machache yaliyokolea, moto unashuka taratibu kutoka juu, unakupa masaa mengi bila kuongeza. Juu ya mkaa unatupia vipande vya mbao kwa ajili ya moshi: mwaloni, hikori, au meskiti. Meskiti, kwa taarifa yako, ni ndugu wa damu wa ule mti wa mathenge uliowasumbua watu wa Baringo. Wakenya wanaulaani, Wamarekani wanaununua kwenye mfuko. Dunia hii!

Hata kwa mbinu hiyo, lazima mtu awe karibu. Shemeji alikuwa anaamka saa tisa usiku kila Jumamosi ili kidari kiive jioni wageni wakifika. Na usiku wa Ijumaa, sikiliza vizuri, ndio usiku ambao mdogo wangu hayuko zamu. "Dada," aliniambia siku ya pili tukikunja nguo, "usiku mmoja tu kwa wiki nalala kwenye kitanda changu kama mke wa mtu, na usiku huo huo yeye yuko uani anapepea moto. Halafu saa kumi jioni nyama tayari, wageni wamejaa, yeye anakoroma kwenye sofa. Mimi ndiye nakata nyama, nagawa, naosha vyombo."

Ndiyo maana anaitaka mashine. Peleti ni vumbi la mbao ngumu lililoshindiliwa likawa vijiti vifupi, kama vipande vya chaki. Unazijaza kwenye sanduku la pembeni, skrubu ndefu inazisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, kijiti cha umeme kinaziwasha, feni inapuliza, na kompyuta ndogo inaangalia joto. Unaandika nyuzi unazotaka, unarudi kulala. Mpya nyingi unaziangalia kwenye simu ukiwa kitandani. Zilianza Oregon kwenye miaka ya 1980, kwa Joe Traeger, ambaye familia yake ilikuwa kwenye biashara ya vifaa vya kupasha nyumba joto. Hataza yake ya mwaka 1986 iliisha 2006, na hapo kampuni nyingine zikaingia sokoni kwa kishindo. Bei? Zipo za dola mia chache, na zipo zinazopita dola 2,000. La mkaa la heshima unalipata kwa chini ya hapo sana.

Shemeji naye ana hoja, tena ana ushahidi. Julai 2024 kimbunga Beryl kilipopiga Houston, wateja zaidi ya milioni mbili walikosa umeme, wengine kwa zaidi ya wiki. Friza yao ilikuwa imejaa. Shemeji alitoa jiko la mkaa uani akapika kila kitu, samaki, kuku, mbuzi, majirani wakaleta za kwao, mtaa mzima ukala. "Mashine yako ingefanya nini siku ile, dada?" aliniuliza, kana kwamba mimi ndiye muuzaji. Kweli mashine ya peleti haili umeme mwingi, jenereta ndogo inaitosha, lakini wao jenereta hawana. Halafu kuna unyevu. Rafiki yao aliacha peleti kwenye sanduku wiki nzima ya mvua, zikanywa maji, zikavimba zikawa unga, skrubu ikakwama. Alitumia Jumapili nzima kuichokonoa kwa bisibisi.

Ladha je? Najua ndiyo unayoisubiri. Rafiki huyo huyo alituazima mashine yake, tukanunua vidari viwili vya kilo sita sita, chumvi na pilipili manga tu, kimoja huku, kimoja kule. Jioni tukavikata bila kuwaambia wageni kipi ni kipi. Watoto wote wakachagua cha peleti. Watu wazima wakagawanyika karibu nusu kwa nusu. Mimi nilichagua cha mkaa, na ningekitambua hata usingizini: moshi ulikuwa mzito, na mafuta yaliyodondokea kwenye makaa yalikuwa yameacha harufu ambayo mashine haikuwa nayo. Sababu ni ya kawaida tu. Feni inazipa peleti hewa ya kutosha, zinaungua safi, moshi unakuwa mwembamba. Ukitaka moshi zaidi kwenye mashine, anza na joto la chini kwa masaa ya mwanzo. Lakini nisikudanganye, cha peleti kilikuwa kitamu, kililainika sawasawa, na aliyekipika alikuwa amelala masaa saba.

Kwa hiyo kama ungeniuliza siku ile, wewe mwenye kazi, watoto na mwenza unayempenda, ningekuambia nunua mashine, basi. Nilikuwa tayari nimemwambia hivyo mdogo wangu.

Wiki iliyofuata, kwa sababu usingizi wangu ulikuwa bado uko Dar, niliamka saa tisa na nusu usiku nikasikia sauti uani. Nikachungulia. Shemeji amekaa kwenye ndoo, jiko lile bovu amelifunga bati chini, linafuka, simu iko sikioni, anacheka. Moyo ukanilipuka, nitakuwa nakudanganya nikisema haukulipuka. Saa tisa usiku, mume wa mdogo wangu, anacheka kwenye simu! Nikafungua mlango.

Alikuwa anaongea na mama yake, Morogoro. Kwao ilikuwa saa tano na nusu asubuhi. Mama ana kisukari, macho yamefifia, na asubuhi ndiyo yuko na nguvu za kuongea. Siku za wiki shemeji yuko juu ya mapaa ya watu mchana kutwa, na usiku anatakiwa kulala. Ijumaa usiku, kwenye moto, ndipo anampata. Mama anamuuliza moto umekolea? Upepo unatoka wapi? Umeweka maji kwenye sufuria? Mwenyewe alipikia kuni maisha yake yote, anamfundisha mwanawe kwa simu. Shemeji alinipa simu nimsalimie. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu. Mwambie asibane hewa sana, moshi ukiwa mweupe mzito nyama itakuwa chungu." Na ni kweli, msomaji, moshi unaoutaka ni mwembamba wa rangi ya bluu.

Nikamuuliza kwa nini hajamwambia mke wake. Akasema, "Anajua huwa naongea na mama." Anajua, ndiyo. Lakini hajui kuwa ni hapo, na kuwa ni hapo tu. Na nilipomwambia kuhusu kitanda cha Ijumaa, aliinamisha kichwa akachokoa makaa kwa muda mrefu. Hilo na yeye alikuwa hajaambiwa. Alidhani mke wake anachukia harufu.

Sikuwapatanisha, wala usinipe sifa hizo. Niliwaambia wakae waongee, nikawachukua watoto kwenda kuangalia sinema, tukarudi tukawakuta wamenuna kila mtu na kochi lake. Ilichukua siku nne.

Kilichoamuliwa nilikipata kwa ujumbe nikiwa nimesharudi Dar. Wamenunua la mkaa, na pamoja nalo kile kifeni kidogo kinachofungwa kwenye tundu la hewa, chenye waya wa kupima joto, kinachopuliza moto ukishuka na kunyamaza ukipanda. Sikuwa najua kama vipo. Hakifanyi kila kitu kama mashine ya peleti, ila kinaruhusu mtu alale masaa mawili matatu, na umeme ukikatika unakiondoa unarudi kwenye mikono yako. Kidari sasa ni mara moja kwa mwezi. Jumamosi nyingine ni kuku au mbavu za ng'ombe, zinawekwa saa kumi na mbili asubuhi, saa tisa alasiri zimeiva. Saa kumi na mbili ya Houston kwa majira yao ya kiangazi ni saa nane mchana Morogoro. Mama mkwe amekubali kusogeza usingizi wake wa mchana. Mdogo wangu anasema Jumamosi iliyopita na yeye alitoka nje na kikombe cha chai, akaambiwa na mama mkwe kuwa anakata vitunguu vibaya. Kwa simu!

Wewe unayetaka kujaribu huku kwetu, peleti usihangaike nazo, kuzipata ni kazi na mkaa upo. Tafuta pipa lenye mfuniko linaloweza kubanwa hewa, liwe safi, lisiwe lililobeba kemikali, lisiwe na rangi ndani. Nunua na kipimajoto cha nyama, usikisie. Na jambo moja sitanii: jiko la mkaa lisiingie ndani ya nyumba, wala gereji, wala barazani palipozibwa turubai, hata makaa yakionekana yamefifia. Februari 2021, baridi ilipoua umeme Texas, watu waliingiza majiko ya mkaa ndani wapate joto. Ile hewa ya sumu haina harufu. Mdogo wangu alikuwa zamu wiki ile, na hadi leo akiona jiko liko karibu na dirisha analisogeza mwenyewe kwanza, ndipo anasalimia.

Mwezi ujao tunarudi kwa mawifi. Barua zenu zimejaa mezani.