Kipimo cha Haki Katika Michoro ya Takwimu

Tarakimu za kweli zaweza kupotosha zikichorwa kwa kipimo kisicho cha haki. Jambo hili si dogo, kwani mara nyingi mchoro ndio utazamwao kwanza inapoamuliwa shule ijengwe wapi na bomba la maji lifike wapi.

Tuanzie Kiembe Samaki, penye kiwanja cha ndege kinachopokea wageni wetu wengi. Mwaka 2019 Zanzibar ilipata watalii wapatao 538,000. Mwaka 2023 wakafika 638,000. Ongezeko hilo halitimii moja ya tano. Lakini mchoraji akiuanzisha mhimili wa wima kwenye 500,000 badala ya sifuri, nguzo ya mwaka 2023 itasimama zaidi ya mara tatu ya ile ya 2019. Huyo hana tofauti na muuza mchele aliyekipandisha kitako kibaba chake. Na mwaka 2020, maradhi ya Uviko yalipowapunguza wageni hadi 260,000, hautaonekana kabisa katika mchoro huo.

Kosa la pili liko katika mhimili wa miaka, nalo ni la hatari zaidi kwa kuwa halitambulikani upesi. Sensa zilihesabu Zanzibar watu 641,000 mwaka 1988, 980,000 na ushei mwaka 2002, 1,304,000 mwaka 2012, na 1,890,000 mwaka 2022. Baina ya sensa mbili za mwanzo ilipita miaka 14. Baina ya zilizofuata, miaka 10. Alama zake zikipangwa kwa nafasi sawa, mstari utaonyesha kwamba kasi ilipungua kidogo baada ya 2002. Kumbe kabla ya hapo tuliongezeka watu 24,000 hivi kwa mwaka, kisha 32,000, na baada ya 2012 zaidi ya 58,000. Ofisa atakayeuamini mchoro huo atajenga madarasa pungufu.

Wala hapana kipimo kimoja kinachojibu kila swali. Anayehesabu madawati ahitaji idadi kamili. Anayechunguza mwendo wa ongezeko ahitaji kipimo cha uwiano, ambamo kila kuongezeka maradufu huchukua urefu ule ule. Kwa kipimo hicho, mwendo wetu tangu 1988 hadi 2012 ulikuwa karibu 3 kwa kila 100 kwa mwaka. Baada ya hapo ndipo ulipopita 3.5. Hiyo ni habari nyingine, na yapasa ijulikane.

Kwa hiyo twawasihi wahusika: miaka ipangwe kwa masafa yake ya kweli, nguzo zianze kwenye sifuri, na kipimo kilichochaguliwa kielezwe waziwazi. Nao wananchi, kabla ya kushangilia au kulalamikia mstari uliopanda, kwanza wasome tarakimu zilizoandikwa pembeni mwake.