Kumrudi Mtoto na Pa Kurudi

Lugha yetu imeweka katika kitenzi kimoja mambo mawili ambayo serikali na wazazi aghalabu huyatenga: kumrudi mtoto ni kumkanya na kumwadhibu hata aache ukorofi, na kurudi ni kwenda tena ulikotoka. Wanazuoni wa lugha na waseme wapendavyo juu ya asili ya maana hizo. Mimi naona kwamba mtoto asiye na pa kurudi hajarudiwa bado, hata akilala miaka katika nyumba iliyojengwa kwa ajili ya kumtengeneza.

Katika Tanzania, mvulana aliyekinzana na sheria, mahakama ikiona kwamba hana budi kuondolewa kwao, hupelekwa Shule ya Maadilisho ya Irambo, Mbeya, ambayo kwa miaka mingi imekuwa peke yake katika nchi nzima. Sina neno na jina lake, kwa kuwa maadilisho yametoka katika adili, wala sina neno na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo inataka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Neno langu ni juu ya masafa. Mama anayeuza vitumbua Tanga, ambaye mwanawe wa miaka 15 amepelekwa huko, ana safari ya karibu kilomita 1,000 mbele yake. Lazima afunge biashara, aazime nauli, alale njiani au kwa jamaa, na afike na kikapu chake kumwona kijana kwa saa chache, kisha aanze safari ya pili. Atakwenda mara moja, labda mbili. Na akibaki Tanga, mnasihi wa shule atazungumza na kijana juu ya hasira zake, juu ya baba wa kambo, juu ya maskani alikofundishwa kuvuta bangi, hali watu wote wanaotajwa katika mazungumzo hayo hawapo.

Hapo ndipo ilipo ila ya tiba ya bweni. Kijana hutulia upesi chini ya kengele: huamka, husali, husoma, hushika randa karakanani, na walimu wake, kwa nia njema kabisa, huandika kwamba amebadilika. Walakini kilichobadilika kwanza ni mazingira yake. Na bweni lina hatari nyingine: mwaka 1999 mwanasaikolojia Thomas Dishion na wenziwe wa Marekani walionyesha kwamba kuwakusanya vijana wenye tabia mbaya katika kundi moja huweza kuwazidishia ubaya ule ule uliokusudiwa kuondolewa, kwa kuwa kicheko cha mwenzake humfunza kijana kuliko nasaha ya mtu mzima.

Jimbo la Missouri, huko huko Marekani, lilijifunza haya kwa gharama. Shule yake ya Boonville, iliyojaza mamia ya wavulana na kujipatia sifa mbaya ya mapigo, ilifungwa mwaka 1983, na majengo yake yakafanywa jela ya watu wazima, kazi ambayo nadhani yaliifaa tangu awali. Mahali pake pakawekwa nyumba ndogo zilizotawanywa jimboni ili mvulana asiwe mbali na wazazi. Huishi kikundi cha 10 au 12 pamoja na walezi wale wale, na kijana aliyeudhika ana ruhusa ya kuita duara: wote huacha walilokuwa wakifanya, husimama wakitazamana, na mwenye dukuduku hulitoa. Wazazi nao huitwa, maana hesabu ya kurejea nyumbani huanza siku ya kuingia.

Simwambii mtu kwamba nyumba za maadilisho hazina haja. Yuko mvulana aliyemkata mwenzake panga, na yuko ambaye kwao ndiko kwenye maradhi yenyewe. Kuwarudisha hao siku ya pili na maneno matamu ni dhuluma kwao na kwa jirani. Lakini hao ni wachache. Kwa walio wengi, hapa Tanzania, Temeke ya Dar es Salaam ilikwisha kuonyesha njia tangu mwaka 2012, ulipoanzishwa huko mpango wa kuwarekebisha watoto wakiwa kwao, wakienda kwenye mafunzo na unasihi mchana na kulala kwa wazazi usiku. Kazi hiyo yataka maafisa ustawi wa jamii wanaojua kubisha hodi na kuketi na familia, na maafisa wenyewe hawatoshi. Fedha ingetafuta watu hao kabla ya kutafuta saruji ya mabweni mapya.

Hata hivyo Irambo ipo, na wavulana wamo leo. Wanaoandika makadirio ya matumizi wana jambo dogo la kufanya wasilohitaji kulisubirishia sheria mpya: nauli ya mzazi, ya kwenda Mbeya na kurudi, na iandikwe katika daftari lile lile panapoandikwa unga na maharage.