Paka si ng'ombe, usimpeleke joshoni

Kila mfugaji anajua umuhimu wa kuogesha ng'ombe. Asiyeogesha anakaribisha kupe, na kupe huleta ndigana kali, ndigana baridi na ugonjwa wa kukojoa damu. Kwa hiyo wataalamu wanapohimiza wafugaji wapeleke mifugo joshoni, au wainyunyizie kwa bomba nyumbani, wanasema kweli nami nawaunga mkono.

Tatizo linaanza pale kazi ya ng'ombe inapokwisha na dawa imebaki kwenye ndoo. Mtu anaona hasara kuimwaga. Anamkumbuka paka anayejikuna jikoni, anamkamata na kumtumbukiza, ili naye aondokane na viroboto. Usiku paka anatokwa mate na kutetemeka. Asubuhi amekufa, na nyumba nzima inamshuku jirani kuwa ndiye aliyemtegea sumu.

Hoja yangu ni fupi. Paka mwenye afya, mwenye manyoya mafupi kama hawa wa kwetu, hahitaji kuogeshwa hata mara moja kwa mwaka. Na anayemwogesha kwa dawa ya ng'ombe anamuua mlinzi wa ghala lake kwa mkono wake mwenyewe.

Najua wapo watakaosema habari za paka si za ukurasa wa kilimo. Basi tupige hesabu. Panya wa nyumbani hula karibu gramu 15 za nafaka kwa siku. Panya 20 ghalani watakula gramu 300 kwa siku, sawa na kilo 9 kwa mwezi. Kwa miezi 6 ya kuhifadhi mahindi ukisubiri bei ipande, wamekula kilo 54, yaani zaidi ya nusu ya gunia la kilo 100. Hapo sijahesabu nafaka waliyoichafua kwa mkojo na mavi, wala magunia waliyoyatoboa. Mwenye duka la rejareja naye anajua panya akiingia kwenye unga na mchele hasara inakuwaje.

Paka hamalizi panya wote, lakini uwepo wake huwatia hofu wasitembee watakavyo. Utafiti uliofanyika katika kaya za vijijini nchini Swaziland, ambayo sasa inaitwa Eswatini, na kuchapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa panya walipungua harakati zao kwenye kaya zenye paka na mbwa kwa pamoja. Wahenga walisema paka akiondoka panya hutawala. Basi tusimwondoe kwa ndoo ya dawa.

Kwa nini paka hahitaji maji? Kwa sababu anajiogesha mwenyewe. Ulimi wake una vimiba vidogo vigumu vilivyoinamia nyuma, ndiyo maana akikulamba unasikia kama msasa. Vimiba hivyo huchana manyoya, huondoa vumbi na kusambaza mafuta ya ngozi. Sehemu kubwa ya muda anaokuwa macho huutumia kwa kazi hiyo. Ukimwogesha kwa sabuni kila mara unamwondolea mafuta hayo, ngozi inakauka na kuwasha, naye anazidi kujikuna.

Lakini ulimi huo huo ndio unaofanya dawa ya ng'ombe iwe hatari maradufu. Ng'ombe akinyunyiziwa, dawa nyingi hubaki juu ya ngozi. Paka akimwagiwa chochote hawezi kutulia mpaka amekilamba chote. Kwa hiyo dawa uliyompaka mgongoni anaimeza, tena akiwa na kilo 3 au 4 tu za uzito.

Jambo la pili ni ini lake. Paka ni mnyama wa kula nyama tangu asili, na ini lake halina uwezo mzuri wa kuvunja baadhi ya kemikali ambazo mbwa, ng'ombe na binadamu huzivunja bila shida. Ndiyo maana kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho mtu mzima humeza na kwenda shambani, kinaweza kumuua paka. Mbwa akiogeshwa dawa fulani akapona viroboto, hiyo si hoja ya kumwogesha paka dawa hiyo hiyo.

Wakulima wa pareto wa Iringa, Njombe na Mbeya wataelewa vizuri jambo hili. Ua la pareto lina dawa inayoua wadudu, lakini huharibika haraka ikipigwa na jua. Wanasayansi wa kituo cha utafiti cha Rothamsted nchini Uingereza walitengeneza kemikali zinazofanana na dawa hiyo, ila zinazodumu, na mwaka 1973 wakatangaza ile iitwayo pamethrini. Zikafuata saipamethrini, deltamethrini na nyinginezo. Leo hizi ni miongoni mwa dawa zinazotumika sana kuogeshea mifugo na kuua wadudu shambani. Kudumu kwake ni faida kwenye ng'ombe. Kwenye paka ndiko kunakoleta msiba.

Asiyeweza kusoma Kiingereza ashike alama hii moja: atazame kwenye kibandiko cha chupa jina la kiambato. Likiishia na herufi t-h-r-i-n, paka asiguswe na dawa hiyo, isipokuwa kibandiko chenyewe kiseme wazi kuwa imetengenezwa kwa ajili ya paka. Dawa za kuogeshea zenye amitrazi nazo humlegeza paka na kupunguza mapigo ya moyo wake. Zile za kundi la oganofosfati humfanya atokwe mate, ashindwe kupumua na kufa. Hata zile dawa za kuua vijidudu ambazo hugeuka nyeupe zikitiwa majini, pamoja na mafuta ya taa ambayo baadhi yetu huyaamini kwa kila kiroboto, ni sumu kwa paka.

Sasa nitajibiwa: paka analala karibu na watoto, ana viroboto, je, tumwache hivyo hivyo? Hapana. Ila tumtafute kiroboto mahali anapoishi. Kiroboto jike hutaga mayai hadi 40 au zaidi kwa siku, na mayai hayo hayakai juu ya paka. Yanadondoka kwenye mkeka, kwenye magunia, kwenye nyufa za sakafu na kwenye matandiko. Wataalamu hukadiria kuwa viroboto wazima unaowaona kwa mnyama ni kama 5 tu kati ya kila 100. Wale 95 wako nyumbani mwako wakiwa mayai, funza na pupa. Ukimwogesha paka leo, kesho watamrukia wengine.

Kwa hiyo anza na nyumba. Fagia kila siku, hasa pembeni na chini ya vitanda, na takataka zichomwe. Toa mikeka, magunia na matandiko yakae kwenye jua kali, kwa maana funza wa kiroboto hawavumilii jua na ukavu. Kile anacholalia paka kifuliwe kwa maji ya moto kila wiki. Endelea hivyo kwa miezi 2 bila kuchoka, kwani pupa wa kiroboto anaweza kujificha kwa wiki nyingi kabla ya kutoka.

Paka mwenyewe mchane kwa kitana cha meno ya karibu karibu, na kila unapokamata viroboto kitumbukize kitana kwenye bakuli la maji ya sabuni. Kazi hii haina gharama, na kwa vitoto vya paka vya chini ya wiki 8 ndiyo njia ya usalama kuliko zote. Wakizidi, nenda kwa daktari wa mifugo uulize dawa ya paka. Zipo, mfano zenye fipronili, ambazo hupakwa kwa kipimo cha uzito wake. Ila mwenye sungura awe mwangalifu, maana fipronili ni hatari kwa sungura.

Sisemi paka asiguswe na maji kamwe. Akidumbukia kwenye oili chafu, dizeli au rangi, au akirukiwa na hiyo dawa ya ng'ombe, hapo lazima aoshwe upesi kabla hajajilamba. Vilevile paka mzee au mgonjwa aliyeshindwa kujilamba anahitaji msaada. Tumia maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kidogo tu. Usimzamishe, usimwagie kichwani. Uso ufutwe kwa kitambaa. Suuza mpaka sabuni iishe, mkaushe kwa taulo na umweke mahali pasipo na upepo. Rangi iliyoganda ikatwe pamoja na manyoya, wala usiitoe kwa petroli.

Paka akianza kutetemeka, kurusha masikio, kutokwa mate au kuanguka kifafa, usipoteze muda kumnywesha maziwa au mafuta ya kula. Maziwa si dawa ya sumu hii, na anayetetemeka anaweza kupaliwa. Kama ana fahamu, mwoshe kama nilivyoeleza, mfunge kwenye taulo asijilambe, kisha mkimbize kwa daktari wa mifugo ukiwa na chupa ya dawa mkononi. Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au kuchelewa hadi siku ya pili au ya tatu. Paka wengi waliowahishwa hupona.

Hapa nina neno kwa wafanyabiashara wenzetu wa maduka ya pembejeo. Ipo tabia ya kumimina dawa ya kuogeshea kutoka kwenye chupa kubwa na kuiuza kwenye chupa ndogo za soda au maji, bila jina wala maelekezo, ili mteja mwenye fedha kidogo naye apate. Nia inaweza kuwa njema, lakini mteja huyo ameuziwa kitu asichoweza kukisoma. Atamwogeshea paka, na siku nyingine mtoto atakunywa. Uza chupa iliyofungwa na kiwanda. Mteja akisema ni dawa ya viroboto, muulize swali moja tu: ni ya mnyama gani? Swali hilo halikupotezei mteja, tena kitana cha viroboto na dawa halisi ya paka ni bidhaa ambazo unaweza kuziuza ukapata faida.

Maofisa mifugo nao wana sehemu yao. Wanaposimama joshoni kueleza vipimo vya dawa kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo, waongeze sentensi moja: paka hapana, na dawa iliyobaki isipelekwe nyumbani wala isimwagwe mtoni, kwa sababu huua samaki. Sentensi hiyo haina gharama kwa halmashauri yoyote.

Na kama kuna shilingi unayotaka kumtumia paka wako, usiinunulie sabuni. Mpeleke akachanjwe kichaa cha mbwa siku mbwa wanapochanjwa, maana paka naye huugua na kuambukiza ugonjwa huo, na hakuna kiasi cha maji kinachouondoa. Hiyo ndiyo hatari ya kweli kwa watoto wanaolala karibu naye.

Josho ni la ng'ombe, mbuzi na kondoo. Paka ana josho lake mdomoni, na halimgharimu mwenye nyumba hata senti tano.