Nyumba Njema si Mlango: Nani Anahakiki Njia ya Data Zetu?

Kwa miaka kadhaa sasa, wanasiasa wetu wamelipenda mno neno "mamlaka ya data". Kenya na Uganda zilitunga sheria za kulinda taarifa binafsi mwaka 2019, Rwanda ikafuata mwaka 2021, na Tanzania mwaka 2022. Vituo vya kuhifadhia data vimejengwa, Kijitonyama kwa upande mmoja na Konza kwa upande mwingine, na kila kimoja kimetajwa kuwa ushahidi kwamba taarifa za raia sasa zinakaa nyumbani. Hayo ni mambo ya kupongezwa, wala sina nia ya kuyabeza. Lakini wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Naomba leo tuingie ndani: tulipite jengo, tuzipite sheria, tuzipite hata seva zenyewe, hadi pale ambapo jina la mkulima aliyesajiliwa au cheti cha mtoto aliyezaliwa jana kinaandikwa kwenye diski. Hapo tujiulize: ni nani aliyeiandika programu inayoandika, na ni nani aliyeihakiki?

Kila kompyuta ina kiini cha mfumo endeshi, ambacho wataalamu hukiita kerneli. Kerneli ndiyo inayogawa kumbukumbu, inayopanga zamu za programu, na inayozungumza na vifaa. Haizungumzi na vifaa moja kwa moja. Kila aina ya kifaa huhitaji mkalimani wake, na mkalimani huyo huitwa draiva. Katika kerneli ya Linux, inayoendesha sehemu kubwa ya seva za dunia, simu zote za Android na, tangu Novemba 2017, kompyuta zote 500 zenye nguvu kuliko nyingine duniani, zaidi ya nusu ya msimbo wote ni draiva. Linus Torvalds alipoitangaza kazi yake mwaka 1991, akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitahadharisha kwamba huenda mfumo wake usiwahi kutumika na diski za aina nyingine isipokuwa ile aliyokuwa nayo. Kilichoibadilisha hali hiyo ni maelfu ya watu waliokuja, kila mmoja na diski yake, wakaandika draiva na kukubali zihakikiwe hadharani.

Kwa nini draiva ya diski ihakikiwe kwa ukali kuliko programu nyingine? Kwa sababu diski inaweza kusema jambo ambalo bado si kweli. Diski nyingi za kisasa zina kumbukumbu ya muda ndani yake. Data inapofika, diski hujibu "nimepokea" kabla haijaiandika mahali pa kudumu. Umeme ukikatika katika sekunde hiyo, na sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya umeme kukatika, kilichopokelewa hupotea. Ni wajibu wa kerneli na draiva kuiamuru diski, kwa wakati unaofaa na kwa mpangilio unaofaa, imwage kilichomo katika kumbukumbu hiyo na kukiandika kweli. Draiva ikiisahau amri hiyo, au ikaituma baada ya jambo lililopaswa kuitanguliwa nayo, hakuna taa itakayowaka wala ujumbe utakaotokea. Raia ataambiwa tu, miezi kadhaa baadaye, kwamba rekodi yake haionekani.

Mfano mmoja ulio wazi ni wa mwaka 2018. Wasanifu wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba kwa muda mrefu walikuwa wameielewa vibaya ahadi ya kerneli. Hifadhidata ilikuwa ikiiuliza kerneli, "Je, data imefika kwenye diski?" Draiva iliporipoti hitilafu, kerneli iliifikisha taarifa hiyo mara moja, kisha ikazihesabu kurasa zile kuwa safi. Hifadhidata ilipouliza mara ya pili, ilijibiwa kwamba mambo ni shwari, ilhali data haikuwa popote. Mwaka 2019 waliibadilisha programu yao ili katika hali kama hiyo ijizime na kuanza upya kutoka kwenye kumbukumbu zake, badala ya kuuliza tena na kuamini. Nawaomba wale wanaofundisha utawala bora wautafakari mkasa huu. Taasisi inayoripoti kosa mara moja, kisha ikalifuta kosa lenyewe kwenye daftari, tunaifahamu vizuri hata nje ya kompyuta.

Sasa tazama jinsi uhakiki wenyewe unavyofanyika. Mtu anayetaka kurekebisha draiva huandika badiliko, ambalo huitwa kiraka, na kulituma kwa barua pepe ambayo yeyote anaweza kuisoma. Anatakiwa aeleze tatizo ni lipi, kwa nini suluhisho lake linafaa, na alilijaribu kwa kifaa gani. Msimamizi wa draiva hiyo husoma mstari kwa mstari na kuuliza: Kifaa kikichomolewa katikati ya uandishi itakuwaje? Kumbukumbu ikiisha? Maombi mawili yakifika kwa pamoja? Akiridhika, kiraka hupanda kwa msimamizi wa eneo zima la diski, na mwisho hufika kwa Torvalds. Tangu mwaka 2004 kila anayekipitisha huweka sahihi yenye jina lake, akithibitisha kwamba msimbo ule una haki ya kuwapo. Miaka 10 baadaye, kosa likigundulika, historia inaonyesha nani aliandika, nani alisoma, na nani aliruhusu. Ni ofisi ngapi za umma unazozijua, ndugu msomaji, ambazo zinaweza kutoa maelezo ya namna hiyo kuhusu uamuzi wa mwaka jana?

Faida ya uwazi huo si ya nadharia. Mwaka 2015 kampuni moja ya huduma za utafutaji mtandaoni iliona mafaili yake yakiharibika bila sababu. Ilizishuku diski zake za SSD, zilizotengenezwa na Samsung. Ilionekana kwamba balaa lilihusiana na amri ya kuiambia diski kuwa sehemu fulani haihitajiki tena na inaweza kufutwa. Wahandisi wa Samsung waliusoma msimbo wa Linux na kuonyesha kwamba kosa halikuwa la diski: kerneli yenyewe, ilipoigawa amri hiyo kwa diski kadhaa zilizounganishwa pamoja, iliigawa vibaya, na sehemu zisizohusika zikafutwa. Wakatuma kiraka. Mtuhumiwa alijitetea kwa ushahidi, na utetezi wake ukawa marekebisho kwa watu wote. Kama msimbo ungekuwa siri ya kampuni moja, pande hizo mbili zingebaki zikirushiana lawama, kama tulivyozoea mradi wa umma unapokwama.

Katika kikao kimoja cha kujadili mtaala nilipendekeza kwamba wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sayansi ya kompyuta wasome draiva moja halisi ya diski na kuhakiki kiraka kimoja halisi. Mwenzangu, mtu ninayemheshimu, aliniuliza: "Mwalimu, huyu mtoto wa mkulima wa korosho atapata wapi ajira ya draiva? Mfundishe kutengeneza programu ya simu." Swali lake ni la haki, na lina uzito katika nchi ambazo wahitimu huzunguka na vyeti. Lakini nadhani linaiweka ajira mahali finyu. Anayetengeneza programu ya simu bila kujua nini hutokea pesa za mteja zinapoandikwa kwenye diski hutengeneza nyumba juu ya mchanga asioujua. Aliyejifunza kumuuliza mwandishi wa kiraka "umeme ukikatika hapa itakuwaje?" atauliza swali hilo hilo benki, hospitalini na Tume ya Uchaguzi.

Wala si kweli kwamba kazi hii ni ya makampuni makubwa peke yao. Diski za SSD zilipoanza kuwa na kasi kubwa, njia ya zamani ya Linux ya kupanga maombi ya diski katika foleni moja iligeuka kuwa kizuizi. Aina mpya ya mawasiliano, NVMe, ambayo maelezo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 2011, iliruhusu foleni zaidi ya 65,000, ilhali mtindo wa awali wa SATA ulikuwa na foleni moja ya amri 32. Muundo mpya wa foleni nyingi ulielezwa katika makala ya mwaka 2013 iliyoandikwa kwa ushirikiano wa watafiti wa Chuo Kikuu cha IT cha Copenhagen na wahandisi wa kampuni moja ya diski, akiwamo Jens Axboe, msimamizi wa eneo hilo la kerneli. Mwanzoni mwa mwaka 2014 muundo huo ulikuwa tayari ndani ya Linux iliyotolewa kwa umma. Chuo kikuu, katika nchi yenye watu wachache, kilisaidia kuibadilisha njia inayopitiwa na data za dunia nzima.

Nisieleweke kwamba naisifu nyumba ya watu wengine kana kwamba haina nyufa. Mwezi Aprili 2021 ilibainika kwamba watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota walikuwa wametuma viraka vyenye kasoro za makusudi ili kupima iwapo wahakiki wangezigundua. Hawakuwa wamewaomba ridhaa wale waliopoteza muda wao kuvisoma. Chuo hicho kilipigwa marufuku kuchangia, viraka vyake vya zamani vikapitiwa upya, na makala ya utafiti ikaondolewa. Funzo ni la pande mbili. Wahakiki ni wachache, wamechoka, na wanaweza kudanganywa. Na chuo kikuu kinachowageuza watu kuwa vitu vya majaribio hupoteza kitu ambacho hakinunuliki.

Uchafu wa pili ni wa siasa. Oktoba 2024 majina ya wasimamizi kadhaa wenye uhusiano na Urusi yaliondolewa katika orodha rasmi ya wasimamizi wa kerneli, wakiwamo waliosimamia baadhi ya draiva za diski. Sababu iliyotolewa ni matakwa ya kisheria, na baadaye ikaelezwa kuwa ni vikwazo vya Marekani. Msimbo waliouandika ulibaki, lakini usimamizi wao ukaisha. Mtu anaweza kuunga mkono vikwazo hivyo au kuvipinga. Jambo lisilopingika ni kwamba mali ya wote ina mlango, mlango una sheria, na sheria hizo zimetungwa katika nchi fulani. Wapo watakaosema kwamba hii ndiyo sababu ya kukaa mbali. Mimi nasema kinyume chake. Waliondolewa watu waliokuwa na nafasi, na kwa sababu walikuwa na nafasi, kuondolewa kwao kulizua mjadala. Sisi tungeondolewa nini? Asiyekuwamo kikaoni hafukuzwi, lakini pia hasikilizwi.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji jengo jipya. Kwanza, kila zabuni ya serikali ya kununua seva na diski itamke kwamba draiva zake ziwe tayari zimekubaliwa katika kerneli kuu ya Linux. Draiva inayotolewa na muuzaji kando, bila msimbo wake kuonekana, huifunga taasisi: kerneli ikisasishwa draiva hufa, na draiva ikilindwa kerneli hubaki ya zamani na mashimo yake. Wamiliki wa simu za Android zilizoacha kupata masasisho mapema wanaijua vizuri ladha ya hali hiyo. Pili, vyuo vikuu vikihesabu kiraka kilichokubaliwa, na pia uhakiki uliotajwa kwa jina ndani ya historia ya kerneli, kuwa kazi ya kitaaluma wakati wa kumpandisha mhadhiri cheo. Tatu, kila kituo cha taifa cha data kiajiri angalau watu wawili ambao kazi yao ni kusoma draiva za diski zilizomo humo, kuzijaribu kwa kukata umeme kwa makusudi, na kutuma wanachokigundua mahali kinapohakikiwa.

Watu wawili ni wachache. Lakini mshahara wao kwa mwaka ni sehemu ndogo mno ya gharama ya jengo, na ndio watakaokuwa wa kwanza katika historia yetu kuweza kumjibu raia anayeuliza kwa nini rekodi yake imepotea, bila kwanza kumpigia simu muuzaji. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Tumekuwa wageni katika nyumba ya Linux kwa zaidi ya miaka 30, tukila na kulala. Jembe liko nje ya mlango, halina kufuli, na msimbo wa kila draiva unasomeka bure usiku huu huu.